Sauti Zilizopita Juu ya Matete

Kabla sijakabidhiwa mashine ya kunasa sauti za ndege, nilikuwa tarishi. Nilibeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, na ofisi nzima ya kilimo ilinihesabu kuwa mtu mwenye miguu tu. Masomo ya jioni ndiyo yaliyoniongezea kichwa. Miaka minne nilikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa kidevu, na siku nilipopata cheti cha kidato cha nne niliizunguka Shangani yote nimekishika mkononi, kama mtu anayepeleka habari Ikulu. Upepo ungekipeperusha baharini ningekifuata mpaka Komoro.

Afisa wangu alikuwa mtu wa mikoa ya kaskazini, Mkristo mwenye kola safi kila siku ya Mungu, ambaye hakuwahi kuonekana akicheka saa za kazi. Aliniita akaniuliza swali moja.

"Unasikia vizuri?"

"Nasikia hata chungu wakigombana, mzee."

Akaandika jina langu kwenye karatasi. Ndivyo nilivyoacha mafaili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtama unapoweka punje, zikiwa bado maziwa, kweleakwelea hushuka kutoka bara kwa makundi. Ni vindege vya kahawia visivyofika uzito wa barua, lakini wakitua kwenye mti, mti hupiga magoti. Nimeona kwa macho yangu tawi la mkorosho, nene kama paja la mcheza ngoma, likivunjika chini yao. Shamba la kijiji kizima wanalimaliza kabla chai haijapoa. Dawa yao ilikuwa moja: eropleni ya Serikali ije jioni, wakati wamelala kwenye matete, iwamwagie sumu. Lakini sumu ile haikuchagua. Iliua kwelea, ikaua chiriku, ikaua samaki na vyura na chochote kilichokuwa kinavuta pumzi chini yake. Kwa hiyo Serikali haikutaka kutuma eropleni kwa maneno ya watu waliochoka kufukuza ndege. Ilitaka ushahidi.

Ushahidi ulikuwa sauti. Ndege hao hupita juu alfajiri, mwanga ukiwa bado wa kijivu, na kwa macho wote ni nukta. Chiriku ni nukta, kwelea ni nukta. Ila kila mmoja akiruka husema lake, ili wenzake wasimpoteze. Tulikuwa na tepurekoda ya magurudumu mawili, nzito kama mbuzi mwenye mapacha tumboni, na maikrofoni tuliyoilaza ndani ya karai la kuchanganyia saruji ikitazama juu, maana afisa alikuwa amegundua kwamba karai hukusanya sauti za angani kama linavyokusanya mvua. Siri ya kazi ilikuwa kwenye swichi ya mwendo. Ukinasa kwa mwendo mkubwa halafu ukasikiliza kwa mdogo, sauti hurefuka, na kile kilichopita sikioni kama cheche kinafunguka. Chiriku ukimpunguza mwendo anateremka taratibu, kama mtu anayepiga mluzi akishuka ngazi. Kwelea anakatika: chek, kavu, na nyuma yake kwikwi ndogo, kama mtu anayevunja karanga kwa meno. Ukishamjua humsahau.

Nilikaa mwezi mzima ofisini nikiyasikiliza hayo mpaka mke wangu akalalamika kwamba nikila karanga ninasimama kutafakari. Kanuni ya kwanza ya afisa ilikuwa hii: ukisikiliza mkanda, msikilize ndege peke yake. Jogoo, mwadhini, mtwangio, mtu anayekohoa, hayo yote ni takataka za mkanda. Yaruke. Niliishika kanuni hiyo kama sala.

Kijiji nilichopelekwa kilikuwa upande wa Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, kwa kuwa watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mikorosho yao wakae pamoja. Mwisho wa mistari hiyo lilianza shamba la ujamaa, mtama mrefu unaommeza mtu na kofia yake, likateremka mpaka kwenye matete. Matete yaliteremka mpaka mtoni. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita.

Wenyeji hawakuvizungumza sana vita hivyo, nami nitasema kidogo. Eropleni za Mreno zilikuwa zikiruka kufuata mto, na mara nyingine zilikosea mpaka, au hazikukosea. Kabla sijafika kijijini, moja ilidondosha kitu nyuma ya nyumba ya mwisho. Shimo lilikuwa bado lipo, lina maji na vyura. Tangu siku hiyo kijiji kilijifunza somo moja, na kililijua kuliko watoto wa shule wanavyojua hesabu za mara. Kwenye mkorosho mmoja ilining'inizwa ringi ya gurudumu la lori. Mlio ukisikika, ringi inagongwa, na kila mwenye miguu anakimbilia kwenye matete. Si kwenye mtama. Shamba la ujamaa lilikuwa mali ya wote, na mwenyekiti alikuwa ameshatangaza kwamba atakayelikanyaga, hata Mreno akiwa amemkalia kisogoni, atajibu mkutanoni. Kwa hiyo watu walikimbia kwa kijia kimoja kilichopasua mtama katikati, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa mwendo ambao sijauona hata kwenye mashindano ya majeshi. Kulikuwa na mama mmoja aliyeweza kukipita kijia kile na ndoo ya maji kichwani bila kumwaga tone wala kuvunja bua.

Nilipangiwa nyumba ya balozi wa nyumba kumi, mwanamke wa makamo mwenye kaniki na sauti ya kuamrisha, ambaye alinicheka kwa pua tangu siku ya kwanza.

"Haya, Bwana Tepu," alisema akilitazama karai. "Umekuja kutupigia zege?"

"Nimekuja kusikiliza, mama. Mimi nikisikiliza, hakuna kinachojificha. Nipe kuku wawili gizani, nitakwambia yupi ametoka Newala na yupi Lindi."

"Kwa kulia kwao?"

"Kwa kukohoa tu."

Akacheka kwa pua. Lakini maneno yangu yalikuwa yameshashika njia, na baada ya siku mbili watu waliniletea mbuzi, watoto wachanga na baiskeli ili niwaambie vina ugonjwa gani. Sikukataa hata kimoja. Mungu anisamehe, baiskeli moja ilipona.

Balozi alikuwa na mama yake mzazi, bibi mkongwe ambaye miguu ilikuwa imestaafu. Hakuweza kukimbia. Basi mwanawe alimtengenezea kibanda cha makuti pembeni kabisa mwa matete, hatua tano tu, na kila siku baada ya sala ya alfajiri alimbeba mgongoni akamketisha pale na mkeka wake, maji, na ukili wa kusuka, mpaka jioni. Ringi ikigongwa, bibi alijiviringisha. Hatua tano alizimudu. Wengine walikimbilia kwenye matete, yeye aliishi nayo.

"Na wewe, mwenye kusikia," aliniuliza siku niliyompelekea salamu, "hawa ndege wanaotumalizia mtama, ukishawasikia, watakufa?"

"Nikishawasikia vizuri, bibi, watakufa wote."

"Basi fanya haraka. Wanalala hapa nyuma yangu. Usiku kucha wananong'ona kama watu."

Alfajiri ya kwanza nilinasa chiriku wachache. Ya pili, chiriku na upepo. Lakini watu wa madungu, wale waliokaa juu ya vichanja vya miti kuanzia mapambazuko wakipiga kelele na kuvuta kamba zenye makopo, walikuwa wanashuka jioni hawana sauti, na kila siku safu nyingine ya mtama ilikuwa imebaki vichwa vitupu. Alfajiri ya tatu sauti zilibadilika. Sikuhitaji hata swichi. Zilikuja kutoka kwenye matete, kavu, nyingi, kama mchanga unaomwagwa juu ya gazeti, na hazikuisha. Alfajiri ya nne kundi lilipanda lote pamoja. Niliona kitu kama moshi kikisimama juu ya mto, kikajikunja, kikaja, na nywele zangu zikasimama pia. Nawaambia, jua siku hiyo lilichelewa kazini kwa ajili yao.

Walikuwa bado wanapita ringi ilipogongwa.

Niliacha kila kitu pale pale, karai na mashine ikizunguka, nikakimbia. Nilikimbia kwa kijia katikati ya mtama na nusu ya kijiji nyuma yangu na nusu mbele yangu, nikapoteza ndara moja, nikaingia kwenye matete mpaka maji ya magotini. Tulikaa humo tumejikunja, ndege wachache waliobaki wakitupigia kelele vichwani. Mlio ulipita ng'ambo, ukafifia. Balozi alikuwa amemkumbatia mama yake. Alinitazama mguu wangu mtupu.

"Bwana Tepu, kumbe na wewe una mbio!"

"Nilikuwa nafuata ndara."

"Ndara ipo nyuma, wewe upo mbele!"

Matete yote yalicheka. Mchana ule nilipata lifti ya lori la korosho mpaka mjini, na mjini nilikisimulia kisa cha ndara katika kila baraza, kila mara nikiongeza eropleni moja. Mpaka nafika nyumbani zilikuwa tano.

Afisa alifunga mlango, akaweka mkanda, akapunguza mwendo. Chek, na kwikwi. Chek, na kwikwi. Akanyanyua kidole, akakishusha, akanyanyua. Dakika kadhaa zilipita. Halafu akazima mashine.

"Kwelea," alisema. "Watupu. Umefanya kazi."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi ya sifa aliyowahi kunipa, nami nusura niyaombe kwa maandishi. Simu ya maandishi ilipelekwa siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja: eropleni itanyunyiza jioni ya kesho kutwa. Barua ikaandikwa kwa mwenyekiti wa kijiji, ikapelekwa na mtu wa baiskeli, ikisema kwamba wananchi wote wanatakiwa kukaa mbali na matete siku ya zoezi. Saa ya kuruka haikuandikwa, kwa sababu ya mpaka na vita. Ilikuwa siri.

Siku yenyewe, asubuhi, nilikuwa ofisini peke yangu na mkanda. Afisa alikuwa ameniagiza nihesabu sauti katika kila dakika, niandike kwenye jedwali kwa ajili ya faili. Nikahesabu mpaka mwisho wa kundi. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mkanda ulikuwa haujakwisha, nami nikauacha uendelee kwa sababu ya uvivu tu, kichwa kwenye kiti, nikisubiri chai.

Nikasikia ringi.

Kwa mwendo mdogo ilikuwa kama kengele ya kanisa inayozama. Halafu miguu. Sijawahi kusikia kitu cha kutisha kama miguu ile iliyopunguzwa mwendo: du, du, du, nzito, ya watu wengi, ikipita karibu na karai moja baada ya nyingine, yote ikielekea upande mmoja. Halafu sauti ya mwanamke, ndefu, nzito kama ya mwanamume: "Mateteee! Mateteee!" Halafu, juu ya hayo yote, ule mlio.

Chai ililetwa. Sikuigusa.

Takataka za mkanda, ndivyo nilivyofundishwa. Nilikuwa nimekimbia na watu wale. Nilikuwa nimecheka nao ndani ya maji yale. Nilikuwa nimekula sifa kwa kisa kile mji mzima. Na haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba mahali tulipokuwa tumejificha ndipo palipochorewa duara jekundu kwenye ramani ya afisa. Eropleni itakuja jioni. Watu watasikia mlio. Barua watakuwa wamesomewa mkutanoni, na kuipigia makofi, lakini miguu yao haikuwapo kwenye mkutano ule.

Nilimkuta afisa anasaini hati. Nikamwambia. Alisema yale niliyojua atasema, kwamba wananchi wameelimishwa na barua imefika.

"Mzee, njoo usikie."

"Nimeshausikia mkanda huo."

"Umewasikia ndege."

Alikuja. Alisimama katikati ya chumba, mikono mfukoni. Miguu ilipoanza, alitoa mikono mfukoni. Mwanamke alipoita, aliketi. Halafu akanyanyua simu, akamwomba opereta amuunganishe na uwanja ule wa wilaya ya mbali ambako eropleni ingerukia. Opereta akasema laini ya kule imekufa tangu jana. Afisa akarudisha simu taratibu, kama mtu anayefunika sahani ya mgonjwa.

"Mwite dereva," akasema.

Kutoka mjini, kupita Naliendele, mpaka kule, ni mchanga mtupu, na Landrova yetu ilikuwa na desturi ya kupumzika. Siku hiyo tuliisukuma mara tatu. Afisa alisukuma na sisi, kola ikawa nyekundu kwa vumbi. Tulifika jua likiwa limeshalegea. Eropleni ingefika kabla ya magharibi. Afisa alikuwa na nguzo nne na mashuka meupe, na ilimpasa ayasimamishe kwenye pembe za matete ili rubani aone mpaka wa kumwaga, asije akamwaga juu ya nyumba. Alimchukua dereva wakaenda upande wa pili.

"Waondoe watu," aliniambia.

Nilikimbia kwenye ringi, nikashika chuma cha kugongea, nikakinyanyua. Na hapo mkono ukakwama hewani. Ringi ile ilikuwa na maana moja tu.

Nikakiweka chini. Nikaenda kwa miguu, dungu hadi dungu, nikiwaita watu washuke kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayealika karamu. Wengi walishuka. Wengine waliniuliza kama baiskeli imeharibika tena. Mlangoni pa matete nilimkuta balozi anakunja mkeka wa mama yake.

"Mama, mtoe bibi hapa. Mpeleke uwanjani, mbele ya nyumba. Eropleni ya Serikali inakuja sasa hivi, inamwaga sumu hapa."

"Tumesomewa barua, ndiyo maana leo namtoa mapema. Itakuja, tutakaa mbali."

"Mkisikia mlio mtafanya nini?"

Nilimwona akiitazama miguu yake.

Akainama, akambeba mama yake mgongoni, akaanza kupanda kijia. Bibi alikuwa mwepesi kuliko mkeka, lakini maneno yake yalikuwa na uzito wa watu wawili. "Unanipeleka wapi? Peupe? Jua hili lote? Mnataka Mreno anihesabu meno?"

Uwanjani walikuwa wamekusanyika watu wengi, nao hawakutulia. Sikuwa na haja ya kueleza sumu, waliielewa. Walichoniuliza ni kingine. Balozi ndiye aliyeuliza, mama yake mgongoni.

"Sawa, Bwana Tepu. Ya Serikali ikija, tusimame. Na ikija ya Mreno?"

"Tukimbie."

"Zote zinatoka upande ule ule wa mto. Tutaijuaje?"

Halafu mtu wa nyuma akasema, wala hakuwa anatania, "Yeye si anasikia? Yeye atatwambia."

Na wote wakanigeukia. Wale wa mbuzi, wale wa watoto, na yule wa baiskeli. Nilitaka kuwaambia kwamba nilijifunza ndege wa aina mbili tu, kwa mwezi mzima, kwa mashine. Nilitaka kuwaambia habari ya kuku wa Newala. Lakini mlio ulikuwa umeshaanza.

Ulitoka magharibi, mdogo, kama nyuki ndani ya debe. Nilifumba macho. Nilitafuta kwikwi nyuma yake, nilitafuta mteremko, nilitafuta chochote. Ukakua. Ya Mreno kule kwenye matete sikuisikiliza, niliikimbia tu, na kwenye mkanda nilikuwa nimeisikia asubuhi ile ile, lakini kwa mwendo mdogo, na mbele yangu hapakuwa na swichi. Nilisikia mlio wa eropleni, basi. Nikafumbua macho nikaona magoti ya watu yameanza kukunjika, yote kwa pamoja, kama ya mtu mmoja mkubwa anayetaka kuruka. Sekunde moja zaidi, wangekuwa kwenye kijia.

"Yetu!" nikapiga kelele. "Ni yetu! Simameni!"

Sikujua. Naandika leo kwa mara ya kwanza: sikujua.

Walisimama. Bibi alikuwa anampiga mwanawe mabegani kwa ngumi zake ndogo, "Nirudishe kwenye matete! Nirudishe!" na balozi hakusogea. Hakuitazama mbingu. Alinitazama mimi, bila kupepesa, mpaka kivuli kilipotupita. Eropleni ilikuwa ya njano, chini kiasi kwamba niliona misumari ya tumbo lake. Ikafika kwenye shuka la kwanza, na nyuma yake ukafunguka ukungu mweupe, taratibu, mzuri kutazama, ukashuka juu ya matete kama chandarua.

Iligeuka, ikarudi. Mara tano, mara sita. Harufu ilitufikia baadaye, ya mafuta ya taa na vitunguu vilivyooza. Hakuna aliyeshangilia. Kwenye matete ule mnong'ono wa ndege ulipanda ukawa kelele, halafu ukaanza kupungua kutoka pembeni kwenda katikati, na giza liliposhuka tulisikia vitu vidogo vikidondoka majini, vingi, muda mrefu.

Balozi alimshusha mama yake mkekani.

"Umesikia nini ukajua?" akaniuliza polepole.

"Injini zao zina kikohozi," nikasema. "Ya kwetu haina."

Akatikisa kichwa akakubali, na neno hilo likapokewa kijiji kizima kabla ya usiku kuingia. Niliwasikia wakifundishana.

Siku mbili tulizika ndege. Afisa alipita nyumba kwa nyumba akiwakataza watu kuwala. Samaki walielea kando ya mto matumbo juu. Matete yalizungushiwa kamba: pasiingie mtu, pasichotwe maji, mpaka Serikali itakaposema. Kibanda cha bibi kilihamishiwa mbele ya nyumba, na kila aliyepita alimuuliza hali ya peupe, naye akamjibu kwa matusi. Mtama uliobaki ulisimama salama, umeinamisha vichwa kwa uzito.

Alfajiri ya tatu niliweka karai tena, kwa amri ya afisa, nisikilize kama wapo waliosalia. Hakukuwa na kwelea. Hakukuwa na chiriku pia, wala chura. Nilisikia mashine yenyewe ikizunguka. Watu wa kijiji walikuwa wametoka na majembe, wamepunguza mwendo karibu nami kama ilivyokuwa desturi yao, kunitania. Ndipo mlio ulipoanza, magharibi, kufuata mto.

Nilingoja ringi. Haikugongwa. Nikageuka nikamwona mgongaji amesimama chini ya mkorosho, chuma mkononi, ananitazama. Wote walikuwa wananitazama. Hakuna goti lililokunjika. Walikuwa wametulia kabisa, wamesimama peupe kama nguzo za afisa, wakinisubiri niseme kama ina kikohozi.

Sikusikiliza. Nilikimbia. Niliwaza kwamba wakiniona mimi nakimbia, miguu yao itakumbuka, na ikakumbuka. Nikasikia nyuma yangu yale madu-du-du. Lakini nilipofika mwisho wa kijia niliona kamba, na nyuma ya kamba matete yamekauka rangi, na harufu ikanipiga usoni. Nikasimama. Walionifuata wakanigonga mgongoni.

"Wapi?" balozi akapiga kelele. Alikuwa na mama yake mgongoni. "Wapi sasa?"

Nikajitupa kwenye mtama. Shamba la ujamaa, mali ya wote. Nikavunja mabua kwa kifua, nikalala chini, na kijiji kizima kikaingia nyuma yangu, mabua yakilia kama moto wa nyasi. Vichwa vya mtama ambavyo kwelea hawakuvifikia vilitumwagikia migongoni. Balozi alianguka kando yangu, bibi juu yake, na bibi akageuza uso wake uliojaa makapi, karibu kabisa na wangu.

"We Bwana Tepu," akasema. "Hii nayo ni yenu?"

Mlio ulikuwa mkubwa sasa.

"Sijui, bibi."

"Sema wasikie."

"Sijui!" nikapiga kelele, mdomo kwenye udongo. "Sijui ni ya nani! Na juzi sikujua! Laleni!"

Nikasikia neno likipokewa mstari hadi mstari chini ya mabua, kila mtu akimpa wa mbele yake, mpaka mwisho wa shamba: hajui, laleni, hajui. Kisha mlio ukafika juu yetu, na hakuna aliyeinua kichwa.